Mstari Ukutani

Katika uchochoro mmoja wa Ilala, jijini Dar es Salaam, kuna ukuta ambao hakuna mtu anayeruhusiwa kuuegemea. Kuta nyingine za mtaa ule zimechoka. Zimeegemezewa matairi, zimeandikwa namba za simu za mafundi bomba, zimekojolewa licha ya onyo. Huu umepakwa chokaa, na juu ya chokaa kuna mistari ya penseli: mmoja wa kulala, usawa wa paja la mtu mzima, na miwili ya kusimama inayoukata ule wa kulala. Sakafu iliyo mbele yake ni ya saruji, imesawazishwa kwa pimamaji ya waashi, na mita 5 kutoka ukutani kuna mstari wa rangi nyekundu. Taa za gari huletwa mpaka juu ya mstari huo, gari likasimama.

Mwenye ukuta ni fundi wa taa. Ukimpelekea oltaneta atakuelekeza kwa jirani yake, na starta vilevile. Yeye ni taa za mbele tu: kuzifungua, kuzitia projekta, kuzifunga na kuzielekeza. Mchana hufungua na kuunga waya kama mafundi wengine. Kazi yenyewe hasa huanza baada ya Maghrib, uchochoro ukishakuwa na giza la kutosha, na ndiyo maana mkewe, kwa maelezo ya fundi mwenyewe, amezoea kumwekea chakula kwenye hotipoti.

Wateja wake karibu wote huja na neno moja mdomoni: taa kali. "Fundi, nataka taa kali." Naye huwauliza, bila kuinua uso kutoka kwenye kazi aliyoishika, "Kali kwa nani?"

Nami nilikwenda na neno hilohilo. Nilikuwa nimekwisha kufanya kosa langu mwezi mmoja kabla. Gari langu ni Toyota ndogo ya mwaka 2004, ya aina ile inayotumia balbu moja ya H4 kwa dimu na fulu. Kwenye duka moja la spea niliuziwa balbu mbili za LED, boksi limeandikwa tarakimu nyingi za lumeni. Nilizichomeka mwenyewe kwa dakika kumi, nikawasha, na kibaraza kizima cha jirani kikawa mchana. Nilifurahi sana. Furaha hiyo ilidumu mpaka Chalinze. Njiani kila lori lililokuja mbele yangu lilinipigia fulu, nami nikadhani wananisalimu au wananitahadharisha na trafiki. Nilipoegesha kunywa chai, dereva mmoja wa lori aliyekuwa ameegesha dakika chache baada yangu alikuja mpaka mezani, akaniambia kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko matusi: "Mdogo wangu, zile taa zako zitaua mtu."

Jambo la kushangaza, mimi mwenyewe nilikuwa sioni vizuri. Lami ya mbele ya bampa ilikuwa nyeupe kama unga, lakini mbele zaidi, pale ambapo mbuzi husimama, palikuwa peusi kuliko zamani.

Fundi alinieleza sababu siku ya kwanza. Alichukua balbu ya kawaida ya H4, akaishika kwa kitambaa, maana mafuta ya kidole yakibaki juu ya kioo cha halojeni huungua na kukidhoofisha, akaniinamishia nione ndani. Mna nyuzi mbili. Chini ya ule wa dimu mna kikombe kidogo cha chuma, kama kijiko cha mwanasesere. "Unajua kazi ya hicho?" Sikujua. Kwa miaka yote niliyobadilisha balbu za H4 sikuwahi kukiona.

Kazi yake ni kuzuia. Uzi wa dimu hutoa mwanga pande zote, na ule unaokwenda chini ungegonga nusu ya chini ya rifleka, ukarushwa juu, ukaishia kwenye macho ya mtu anayekuja. Kikombe kinaukamata kabla haujafika. Rifleka nayo imefinyangwa kwa hesabu ya uzi mwembamba wa milimita chache, uliokaa mahali pamoja mahsusi. Ukitoa uzi huo ukaweka vibamba vya LED vyenye umbo jingine, vilivyosogea pengine milimita moja au mbili, hesabu yote imevurugika, na mwanga unakwenda ovyo kama maji ya mpira uliopasuka. Mwingi, ndiyo. Lakini umekwenda wapi?

"Mwanga kila mtu anauza," fundi alisema. "Giza ndiyo kazi."

Nilidhani anatania. Nikakubali projekta, nikaacha gari.

*

Taa ya gari la kisasa haikutengenezwa ili ifunguliwe. Kioo chake, ambacho si kioo bali ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, kimegandishwa kwenye kasha la nyuma kwa gundi nyeusi inayozunguka mfereji wote wa pembeni. Kwenye taa kama zangu gundi hiyo haikauki kamwe. Ikipoa inashika, ikipata joto inalegea, na hapo ndipo pa kuingilia.

Fundi ana oveni kuukuu ya umeme iliyostaafishwa na mwoka keki. Ameifunga kipimajoto chake mwenyewe ndani kwa sababu, alisema, kitasa cha oveni kinasema uongo. Polikaboneti huanza kulainika karibu na nyuzi 147, na kasha la nyuma halina ustahimilivu huo. Yeye huishia kwenye 100 au zaidi kidogo, kwa dakika kama kumi, taa ikiwa imelazwa juu ya ubao isiguse chuma. Kabla ya hapo ametoa balbu, skrubu zote, vibanio vyote, na kila kimoja amekiweka kwenye trei ya mayai, katika mpangilio uleule aliokitolea. Trei ile ya mayai niliipenda. Nimeona gereji zenye makabati ya chuma ambazo skrubu hubaki mkononi gari likiwa limeshafungwa.

Taa ilipotoka aliishika kwa glovu, akaingiza bisibisi bapa kwenye kona ya juu, akaipindua kidogo tu. Hakuvuta. Alisubiri. Kioo kikaanza kuachia kwa mlio wa kunata, na gundi ikatoka kwa nyuzi ndefu nyeusi zinazonyumbuka kati ya kioo na kasha, kama ulimbo wa kunasia ndege. Alizikata kwa kuzungusha bisibisi, kama mtu anavyomalizia asali kwenye kijiko, zisiangukie ndani kwenye rifleka. Uzi mmoja tu wa gundi ukilala juu ya ule mng'ao wa fedha, hautoki bila kuondoka na mng'ao wenyewe. Mwanafunzi wake, kijana anayeitwa dogo na kila mtu mtaani, aliniambia pembeni kwamba yeye hajaruhusiwa kufanya sehemu hiyo. Amekuwepo mwaka wa pili.

Ndani ya taa yangu mlikuwa na vumbi la miaka ishirini na nzi mmoja mkavu. Kioo kwa nje kilikuwa kimegeuka rangi ya chai ya maziwa, kama vilivyo vioo vya magari yetu mengi. Jua hula utando wa juu unaokilinda, kisha huila plastiki yenyewe. Dogo alikishika kwa msasa wa maji, akaanza na namba 800 akapanda mpaka 2000, kwa saa nzima na zaidi, akimwagia maji kutoka chupa ya soda iliyotobolewa kizibo. Kioo kikawa na ukungu mweupe, kikatisha, halafu kilipopuliziwa klia kikarudi kuwa angavu mbele ya macho yangu. Kusugua kwa dawa ya meno, ambako nimewahi kukufanya na nikajisifu, hakurudishi utando huo. Kunang'arisha kwa wiki chache tu.

*

Projekta yenyewe ni kitu cha inchi 2.5, kizito kuliko kinavyoonekana. Nyuma ina bakuli la chuma lenye umbo la yai lililokatwa, mbele lenzi nene iliyotuna kama jicho la ng'ombe, na katikati, penye giza, kipande cha bati kilichosimama wima. Mkia wake una hesi na hupenya katika tundu lilelile la H4, kisha hukazwa kwa nati kutoka nyuma. Rifleka haikatwi. Hilo ni jema kwa sababu moja niliyokuja kuielewa baadaye: projekta inakaa ndani ya rifleka, kwa hiyo chochote kinachosogeza rifleka kinaisogeza na projekta.

Umbo la yai lina maajabu yake. Lina vitovu viwili. Ukiweka chanzo cha mwanga kwenye kitovu cha kwanza, kila mwale unaogonga ukuta wa bakuli hurudi na kupita kwenye kitovu cha pili, haidhuru ulianzia upande gani. Basi mwanga wote uliokuwa ukitawanyika unakusanywa na kubanwa kwenye tundu dogo, na mlangoni pa tundu hilo ndipo pamesimamishwa kile kipande cha bati. Wazungu wanakiita ngao. Fundi wangu anakiita pazia, nami namfuata yeye. Pazia linakata sehemu ya chini ya mwanga. Mbele yake lenzi inachukua picha ya kilichobaki na kuirusha barabarani.

Na hapa ndipo jina projekta linapopata haki yake. Ni mashine ya sinema. Kama ilivyo kwa filamu, lenzi hugeuza picha juu chini, kulia kushoto. Pazia lililosimama chini hutokea ukutani kama giza la juu. Unapata uwanja wa mwanga wenye kikomo kilichonyooka, ng'aavu chini, cheusi juu, kana kwamba mtu ameupaka ukuta rangi kwa kufuata rula. Magari ya BMW ya daraja la 7 yalitangulia kuuzwa na dimu ya namna hii mwaka 1986, na miaka mitano baadaye daraja hilohilo likawa la kwanza kutoka kiwandani na balbu za zenoni. Vitu hivyo vimeshuka polepole kutoka kwa mabosi wa Munich mpaka kwa sisi wa Ilala, vingine vikiwa vimeng'olewa kwenye magari yaliyogongwa, vingine vipya kutoka China ndani ya maboksi yasiyo na maelezo.

Ukosefu wa maelezo umeleta balaa lake. Mstari ule haujanyooka wote. Upande mmoja hupanda kidato, ili mwanga ufike mbali zaidi pembeni mwa barabara, penye watembea kwa miguu, baiskeli na mbuzi. Sisi, pamoja na Wakenya na Waganda, tunaendesha kushoto, kwa hiyo kidato kinatakiwa kipande kushoto. Projekta iliyotengenezewa Ulaya bara, Marekani au Dubai hupanda kulia. Ukiifunga Tanzania, umemwelekezea kila anayekuja mbele yako ule mwanga uliokusudiwa kumulika vichaka. Mwenye gari hatagundua, kwa sababu yeye anaona vizuri tu. Atashangaa kwa nini watu wanampigia fulu, kama nilivyoshangaa mimi.

Fundi aliitoa projekta yangu kwenye boksi, akafungua skrubu tatu, akang'oa lenzi, akatazama pazia. Kidato kinachotakiwa kutokea kushoto ukutani hukatwa upande wa kulia wa bati. La kwangu lilikatwa kushoto. Hakulalamika. Alifungua kopo la Blueband lisilo na Blueband, akachambua mapazia, akapata la upande wetu, akalibadilisha. "Haya tunayaokota kwenye zilizokufa," alisema. Nilimuuliza angefanyaje kama asingelipata. Angelichonga kwa tupa, alijibu, usiku mzima kama lazima.

*

Sasa ukuta.

Taa zote mbili zilirudishwa kwenye gari bila vioo, wazi, kama macho yasiyo na kope. Waya ziliungwa kwa muda. Gari likasukumwa kwa mkono mpaka kwenye mstari mwekundu, upepo wa matairi ukapimwa, na dogo akaambiwa aingie akae kiti cha dereva na asicheze na redio. Nilidhani ni utani mwingine. Kumbe kanuni za kimataifa za kuelekeza taa zinataka kiti cha dereva kiwe na mtu au mzigo wa kilo 75, maana gari tupu na gari lenye dereva hayatazami mahali pamoja. Dogo hafiki 75. Aliongezewa kisanduku cha spana mapajani.

Fundi akawasha. Balbu ya projekta yangu ni ya zenoni, na zenoni haiwaki kama halojeni. Balasti, kile kisanduku kinachoilisha umeme, huipiga kwanza pigo la volti zaidi ya 20,000 ili kurusha cheche ndani ya kile kijitumbo cha gesi, halafu huilisha kidogokidogo. Kwa sekunde chache mwanga ni hafifu, una rangi ya ajabu, halafu unakua na kutulia. Ukutani mistari miwili ikatokea, mmoja wa kila taa. Kwangu mimi ilikuwa imenyooka. Fundi alichukua pimamaji, akaiweka ukutani chini ya mstari wa kulia, akatazama kile kiputo, akaguna.

Projekta imekazwa kwenye tundu la mviringo, na kitu cha mviringo huzunguka. Ikizunguka nyuzi mbili tu, mstari unainama: upande mmoja unamulika miti, upande mwingine unachimba lami. Kioo kikishagundishwa, huifikii tena bila kurudi kwenye oveni. Basi alilegeza nati robo, akashika projekta kwa vidole viwili, akaigeuza kwa kiasi ambacho sikukiona. Mstari ukainuka upande mmoja. Akakaza, na katika kukaza ukasogea tena, kwa sababu nati huvuta. Akalegeza. Safari hii aliigeuza kupita kiasi kidogo, upande wa pili, akakaza, na nati ikaivuta ikarudi mahali pake. Kiputo kikatulia katikati. Kile kipimo cha kuikosea kwa makusudi ili ije ipatie yenyewe, hakikuwa kwenye karatasi yoyote. Kilikuwa kwenye kiganja.

Kisha akasogea ukutani akaonyesha kitu kidogo: jino jeusi, dogo kama punje ya mchele, likining'inia kutoka kwenye giza kuja kwenye mwanga. "Vumbi," alisema. Chembe moja ilikuwa imesimama ukingoni mwa pazia, na kwa kuwa lenzi hutupa picha ya ukingo huo na si ya kitu kingine, chembe isiyoonekana kwa macho ilikuwa imekuzwa na kupinduliwa pale ukutani. Ungeifuta lenzi ungefuta bure. Alifungua tena skrubu tatu, akapitisha brashi laini ya rangi, akafunga. Jino likatoweka.

Nilifikiri tumemaliza. Ilikuwa saa tatu kasoro. Yeye alikuwa akitazama ukali wa mstari, akiinamisha kichwa kama fundi cherehani anayetazama pindo. Ulikuwa mkali mno, alisema, mwembamba kama wembe, na ukingoni una utepe wa rangi ya zambarau. Watu hulipia rangi ile, wanaiona ni alama ya taa ya maana, na kweli inapendeza. Hutokea kwa sababu lenzi moja haiwezi kukutanisha rangi zote mahali pamoja. Lakini mstari mkali kupita kiasi, kwenye barabara zetu zenye matuta, humpiga anayekuja kama mtu anayewasha na kuzima: sasa yumo gizani, sasa yumo kwenye mwanga, tena gizani. Aliingiza washa nyembamba chini ya kila skrubu ya lenzi, akaisogeza mbele kwa unene wa ukucha. Mstari ukalainika kidogo tu. Ukawa kama ukingo wa kivuli cha mti saa kumi jioni.

*

Kuhusu ukali wenyewe, ambao ndio ulionipeleka pale, fundi alikuwa na mengi ya kusema na nitayapunguza.

Uzi wa dimu wa H4 hutoa kama lumeni 1,000 kwa wati 55. Balbu nzuri ya zenoni ya kiwandani hutoa kama 3,200 kwa wati 35. Mara tatu, kwa umeme mdogo zaidi. Hizo ndizo sifa, na ni za kweli. Lakini lumeni ni mwanga uliotoka kwenye balbu, nao hausemi umefika wapi. Kinachopimwa barabarani ni laksi, yaani mwanga uliotua mahali fulani, na laksi huliwa na umbali vibaya sana. Penye laksi 400 kwa mita 5, kwa mita 10 zinabaki 100, kwa mita 20 zinabaki 25. Kwa hiyo sehemu inayostahili mwanga mwingi kabisa ni ule ukanda mwembamba ulio chini kidogo tu ya mstari, kwa kuwa ndio unaokwenda mbali. Ule wa chini kabisa, unaoangukia mbele ya bampa, ukizidi ni adui. Jicho likiona weupe mwingi karibu hujibana, na likijibana mbali hapaonekani. Hiyo ndiyo iliyonipata njia ya Chalinze na zile LED zangu. Mbele ya bampa palikuwa sikukuu. Mita 50 mbele sikuwa na macho.

Rangi nayo. Wateja wanaomba bluu, zile za kelvini 8,000. Balbu za zenoni zinazotoka kiwandani na magari ziko karibu na 4,300, nyeupe yenye joto kidogo, na kadiri unavyopanda kuelekea bluu unapoteza mwanga na kuongeza mng'ao wa kukera, hasa mvua ikinyesha. Fundi huziuza za bluu kwa anayeng'ang'ania. Huziuza kwa uso wa muuza dawa anayekuuzia pombe. Nilichukua 4,300. Bei sitaitaja; mke wangu husoma jarida hili.

Waya nitazipita upesi, ingawa yeye hakuzipita upesi. Swichi ya taa na waya wake, kwenye gari la miaka ishirini, huwa vimekula volti nyingi kabla umeme haujafika mbele, na kwa halojeni volti zikipungua asilimia 10, mwanga hupungua karibu asilimia 30. Watu wengi wanaolalamikia balbu wangelalamikia waya. Yeye huvuta waya mnene kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake karibu na betri, akaweka rilei, na ule waya wa zamani ukabaki na kazi ya kutoa amri tu. Toyota nyingi za zamani hukata hasi badala ya chanya kwenye taa, na hapo ndipo mafundi wengi huunguza vitu. Dogo alikwishaunguza kimoja. Kimetundikwa juu ya meza yake kwa uzi.

Nikipiga fulu, balbu haibadiliki wala haizimi. Sumaku ndogo inalivuta pazia likalala, na giza la juu linafunguka lote kwa mpigo. Unasikia "tak" ndani ya taa. Fundi aliiwasha na kuizima fulu mara tano au sita ukutani, zaidi ya ilivyohitajika, nami sikumkatiza.

Mwisho ilibaki kuushusha mstari. Katikati ya lenzi za gari langu ni sentimita 65 kutoka chini. Mwanga wa dimu unatakiwa ushuke asilimia 1: sentimita 5 kwa zile mita 5 za uchochoro. Hesabu rahisi, mpaka ukiifuata mpaka barabarani. Ukishuka asilimia 1 kutoka sentimita 65, mwanga unagusa lami mita 65 mbele. Ukikosea sentimita 1 tu juu ukutani, unagusa mita 81, na huko kuna macho ya watu. Ukikosea 1 chini, unagusa mita 54. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hula mita 22 kila sekunde. Ongeza breki, na mita 54 zimekwisha. Kwa hiyo alipokuwa akizungusha ile skrubu ya plastiki nyuma ya taa, nusu mzunguko, robo mzunguko, akienda ukutani na rula na kurudi, sikumuuliza kwa nini isiwe kwa macho.

Vioo vilirudi siku ya pili, mfereji ukiwa umesafishwa na gundi mpya imelazwa mzunguko mzima bila kiungo. Vile vijitundu vya kupumulia nyuma ya kasha, ambavyo mafundi wengine huviziba kwa silikoni wakidhani ni tobo, aliviacha wazi. Taa isiyopumua hutoa jasho.

*

Nilirudi kwake wiki tatu baadaye, saa tatu usiku, nikitokea Morogoro, na nilikuwa na hasira. Safari ya kwenda ilikuwa starehe: mstari umelala barabarani mbele yangu, alama za pembeni zinawaka moja baada ya nyingine upande wa kushoto, malori yanapita bila neno. Wakati wa kurudi, kuanzia Mikese, karibu kila aliyekuja alinipigia fulu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno.

"Shikamoo fundi. Taa zimepanda."

"Marahaba. Hazijapanda." Hakuwa hata amezitazama. Alikuwa akitazama matairi ya nyuma. "Umebeba nini?"

Nilikuwa nimebeba mchele. Magunia mawili kwenye buti, moja lingine kiti cha nyuma, na juu yake mkungu wa ndizi wa mama mkwe. Fundi alichukua rula akapima kutoka ukingo wa bodi mpaka sakafuni, nyuma, halafu akaniambia nipige hesabu mwenyewe. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni kama mita 2.4. Nyuma ikishuka sentimita 3, pua inainuka asilimia 1 na robo. Ile asilimia 1 aliyoishusha kwa robo mizunguko usiku ule, mchele ulikuwa umeila yote, na chenji juu.

Alifungua mlango wa dereva, akaelekeza kidole karibu na goti langu la kulia, penye kigurudumu kidogo cha plastiki chenye namba kuanzia 0. Nimelimiliki gari lile miaka sita. Nilidhani ni cha mwanga wa dashibodi, na kwa kuwa hakikubadili chochote kwenye dashibodi, nilidhani kimekufa.

"Zungusha."

Nilisogeza gari mpaka kwenye mstari mwekundu, nikazungusha mpaka 3. Ndani ya taa, mota mbili zikalia kwa sauti ya mbu, rifleka zikainama na projekta zake ndani, na ukutani mstari ukashuka polepole, umenyooka vilevile, mpaka ukalala juu ya penseli. Fundi alikuwa ameshageuka kurudi kwenye taa ya mtu mwingine. Dogo ndiye aliyeuliza mchele ni wa Ifakara au wa wapi, nami nikafungua buti.